Barua ya wazi kwa Mahakama ya Juu ya Marekani: tuambieni ni historia ipi inayopima haki ya silaha

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu John G. Roberts,
na Waheshimiwa Majaji wote wa Mahakama ya Juu ya Marekani,
Washington, D.C.

KUH: TAFSIRI YA MAREKEBISHO YA PILI YA KATIBA

Waheshimiwa Majaji,

Pokeeni salamu zetu za heshima. Sisi tunaoandika ni wazungumzaji wa Kiswahili tunaoishi Marekani: wakalimani wa mahakamani, wasaidizi wa mawakili, na watu wanaowasaidia wenzao kujaza fomu za uhamiaji na za leseni. Swali tunaloulizwa mara kwa mara, kwa lafudhi ya Mombasa, ya Dar es Salaam na ya Bukavu, ni hili: "Mimi naruhusiwa kuwa na bunduki?" Mwenye kuuliza anatarajia ndiyo au hapana. Tangu hukumu yenu ya tarehe 23 Juni 2022, katika kesi ya Bruen, jibu la kweli limekuwa "inategemea unaishi wapi", na kwa mtu anayekabiliwa na kifungo hilo si jibu.

Malalamiko haya yalianza faraghani. Wawakilishi tuliowaandikia walitujibu kwamba kufasiri Katiba ni kazi ya mahakama. Mawakili tuliowauliza walitufungulia hukumu za mahakama mbili za rufaa. Zote mbili zimenukuu aya zilezile za uamuzi wenu, na kila moja imefika kwake. Ndipo tukaona tuje hadharani. Hatuji kuomba bunduki ziongezwe au zipunguzwe. Kati yetu wapo wanaozitaka na wapo wasiotaka hata kuziona nyumbani. Tunachokitaka ni sheria ambayo mtu anaweza kuijua kabla ya pingu, asiisubiri mpaka rufaa.

Mtuwie radhi tukiwaeleza kwanza wasomaji wetu jambo hili lilikotoka. Kenya na Tanzania silaha ni suala la kibali: dola hukupa, dola hukunyang'anya. Hapa ni haki, imeandikwa katika Marekebisho ya Pili ya Katiba, sentensi moja iliyoidhinishwa tarehe 15 Desemba 1791, inayosema kwamba kwa kuwa mgambo uliopangwa vyema ni wa lazima kwa usalama wa nchi huru, haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba isivunjwe. Kwa miaka mingi mahakama ziliisoma sentensi hiyo kupitia neno mgambo. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1939 katika kesi ya Miller, iliyohusu bunduki iliyokatwa mtutu. Mwaka 2008, katika Heller, majaji 5 dhidi ya 4 waliamua kwamba haki hii ni ya mtu binafsi, wakafuta marufuku ya bastola iliyokuwapo Washington tangu 1976. Mwaka 2010, katika McDonald, haki hiyo ikayabana majimbo pia, kupitia Marekebisho ya Kumi na Nne ya mwaka 1868.

Baada ya Heller mahakama za chini zilizoea kwenda hatua mbili: kwanza kuangalia kama jambo linagusa haki, kisha kupima uzito wa sababu ya serikali. Katika Bruen mliifuta hatua ya pili. Sasa, maneno ya Katiba yakigusa alichofanya mtu, serikali ndiyo inayobeba mzigo wa kuonyesha kwamba katazo lake linalingana na desturi ya kihistoria ya nchi hii. Mlitoa vipimo viwili: sheria ya zamani iliibana haki kwa namna gani, na kwa sababu gani. Mkasema inatosha kupata mfano unaofanana, si lazima uwe pacha. Mwaka 2024, katika Rahimi, majaji 8 kwa 1, mkaongeza kwamba sheria haikugandishwa zamani na kwamba kinachotafutwa ni kanuni. Maneno mazuri. Lakini kati ya "si pacha" na "kanuni" kuna pori pana, na humo ndimo watu wetu wanamopotea. Haya ndiyo yanayotusumbua.

1. Mwaka wa kipimo.

Hamjasema kama historia inayopimwa ni ya 1791, Marekebisho ya Pili yalipoidhinishwa, au ya 1868, yalipokuja Marekebisho yanayoyabana majimbo. Katika Bruen mliliacha wazi, na katika Rahimi mkaliacha tena. Wanaolipia ni vijana wa miaka 18 hadi 20. Rufaa za shirikisho zimegawanywa kwa kanda, kila kanda na majimbo yake. Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tatu imeshika 1791, ikaziweka kando sheria za karne ya 19, na vijana wa Pennsylvania wakashinda. Ya Kanda ya Kumi na Moja, Machi 2025, iliiacha sheria ya Florida ya 2018 inayomkataza aliye chini ya miaka 21 kununua bunduki ya aina yoyote. Januari 2025 Kanda ya Tano ilisema katazo la shirikisho kwa maduka kumuuzia kijana huyo bastola ni batili, kwa hoja kwamba Sheria ya Mgambo ya 1792 iliwaandikisha wanaume kuanzia miaka 18. Miezi michache baadaye Kanda ya Nne ikalikubali katazo lilelile, kwa hoja kwamba wakati huo aliye chini ya miaka 21 alihesabiwa mtoto na mikataba yake haikumfunga. Sheria moja ya shirikisho, kijana mmoja wa miaka 19: Houston ana haki, Richmond hana.

2. Historia ya nani?

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo panapotuuma zaidi.

Mwaka 2023 Hawaii ilitunga sheria kwamba mwenye kibali cha kubeba bastola asiingie nayo katika mali ya mtu mwingine, hata duka lililo wazi kwa wateja, mpaka mwenye mali aruhusu kwa mdomo, kwa maandishi au kwa kibao. Kanda ya Tisa ilikubali. Miongoni mwa sheria za zamani ilizozitegemea zilikuwa mbili: ya New Jersey ya 1771, iliyohusu watu wanaoingia na bunduki katika ardhi ya wengine kuwinda, na ya Louisiana ya 1865.

Mwaka 1865 Louisiana ilikuwa ikitunga sheria za kuwabana watu waliotoka utumwani miezi tu iliyopita. Mwaka huohuo Mississippi iliandika waziwazi kwamba Mweusi aliyeachiwa huru asiwe na bunduki bila leseni. Miaka 8 kabla yake, katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, Jaji Mkuu wa mahakama yenu wakati huo alitaja kama jambo la kuogopesha kwamba Weusi wakihesabiwa raia wataweza kubeba silaha popote waendapo. Na ile Sheria ya Mgambo ya 1792, inayotumika leo kuthibitisha haki ya vijana, iliwaandikisha wanaume weupe huru peke yao.

Hatudai kwamba Hawaii haina sababu nzuri. Mwenye duka ana haki ya kusema nani aingie na nini. Tunachosema ni kwamba sheria iliyotungwa kumnyang'anya silaha mtu kwa rangi yake haiwezi kuwa ushahidi wa kile ambacho "watu" walikubali kwa jumla, kwa kuwa waliolengwa nayo hawakuulizwa. Kanda ya Pili ilipokutana na sheria ya New York ya aina hiyohiyo kuhusu maeneo yaliyo wazi kwa umma, iliikataa. Mahakama mbili zimeangalia nyuma kupitia dirisha moja, zikaona mambo mawili.

Hata ukimya wa historia una upande. Mwaka 1791 hapakuwa na sheria ya kumnyang'anya bunduki mume anayempiga mkewe. Mwaka 2023 Kanda ya Tano ilitumia ukimya huo kufuta katazo la shirikisho dhidi ya wenye amri ya mahakama ya kuwalinda wenza wao. Katika Rahimi mliisahihisha, mkitegemea sheria za dhamana ya kutunza amani na sheria dhidi ya wanaozunguka na silaha kutisha watu. Tunawashukuru. Hata hivyo hamkusema la kufanya pale ukimya unapotokana na kwamba wenye kuumia hawakuwa na kura, na kesi ijayo haitakuwa na sheria ya dhamana ya kushikilia.

3. "Watu" ni akina nani?

Sheria ya shirikisho inamkataza mtu asiye na hadhi halali ya kuishi nchini kuwa na silaha, na pia mwenye viza ya muda kama ya mwanafunzi, isipokuwa kwa nafasi chache kama leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani, mkimbizi aliyepokelewa na aliyekubaliwa hifadhi hawamo katika makatazo hayo. Mpaka hapo tunaelewa, na ndivyo tunavyowaambia watu.

Panapovurugika ni kwenye Katiba yenyewe. Katika Heller mlisema "watu" ni wanajamii wote wa kisiasa. Kurasa hizohizo mkanukuu hukumu ya 1990 inayosema ni waliomo katika jamii ya taifa au waliojenga uhusiano wa kutosha nalo. Hivyo ni vipimo viwili. Kanda ya Tano, mwaka 2011, ilisema asiye na hadhi halali si katika "watu". Kanda ya Saba, mwaka 2015, ikasema anaweza kuwa, ila katazo linabaki. Kanda ya Nane, mwaka 2023, ikarudi kwenye jibu la kwanza. Kwa sasa mwisho ni mmoja kwa wote watatu, yaani kifungo, lakini njia si moja. Neno "watu" limo pia katika Marekebisho ya Kwanza na ya Nne. Mkilibana hapa, tunataka kujua kama mmelibana na polisi anapogonga mlango.

4. Aliyewahi kuhukumiwa.

Katazo la shirikisho linamkamata yeyote aliyetiwa hatiani kwa kosa linaloweza kumfunga zaidi ya mwaka mmoja, hata kama hakulala jela usiku hata mmoja. Mkazi mmoja wa Pennsylvania alikiri mwaka 1995 kutoa taarifa ya uongo ili apate msaada wa chakula. Kanda ya Tatu ilimrudishia haki yake, na baada ya Rahimi ikairudisha tena Desemba 2024. Angekuwa Missouri, Kanda ya Nane ingemwambia kwamba hakuna kumpima mmoja mmoja. Angekuwa Ohio, Kanda ya Sita ingempa nafasi ya kuonyesha kwamba si mtu wa hatari. Wengi wa wateja wetu wana kesi za namna hiyo, za karatasi: fomu iliyojazwa vibaya, hundi isiyo na fedha. Heller ilisema makatazo ya aina hii yanadhaniwa kuwa halali. Neno "yanadhaniwa" limebeba mzigo huo tangu 2008.

5. Bangi, na miraa.

Fomu ya shirikisho ya kununulia silaha, namba 4473, inauliza kama mnunuzi anatumia dawa zilizokatazwa, na imekuwa ikionya kwamba ruhusa ya jimbo kuhusu bangi haibadilishi sheria ya shirikisho. Minnesota na Ohio zilihalalisha bangi mwaka 2023. Watu wa Afrika Mashariki wana jambo la ziada ambalo wauzaji wengi hawalijui: majani mabichi ya miraa yana kemikali iitwayo kathinoni, ambayo sheria ya shirikisho imeiweka Daraja la Kwanza, daraja moja na heroini. Anayetafuna miraa Ijumaa jioni kama alivyozoea Eastleigh, na ana bastola kabatini, anaweza kushtakiwa kwa kosa la kifungo cha hadi miaka 15. Akiandika "hapana" kwenye fomu, ameongeza la pili. Kanda ya Tano ilisema Agosti 2024 kwamba historia inamruhusu mtawala kumnyima mlevi silaha akiwa amelewa, lakini haifiki mpaka kumnyima akiwa timamu. Oktoba 2025 mlikubali kusikiliza kesi ya Hemani kuhusu jambo hili, na ya Wolford kuhusu Hawaii. Tunaomba neno "mtumiaji" lipewe mipaka: mara ngapi, karibu kiasi gani na siku ya kushika silaha, na nani anathibitisha.

6. Barabarani.

Madereva wa malori ni wengi katika jamii zetu. Bruen ilisema haki ya kubeba silaha ya kujilinda haiishii nyumbani. Haikusema kama inavuka mpaka wa jimbo. Tangu Juni 2022 mkazi wa Ohio wa miaka 21 asiye na katazo lolote anabeba bastola bila kibali. Akiingia New Jersey, ambayo haitambui kibali cha jimbo jingine, amefanya kosa la daraja la pili, na sheria ya huko inaweza kumshikilia miezi 42 kabla ya kufikiriwa kuachiwa, mwendesha mashtaka asipokubali alegezewe. Sheria ya shirikisho ya 1986 inamlinda msafiri ikiwa silaha ni halali anakotoka na anakokwenda, haina risasi, na yeye hawezi kuifikia kwa urahisi, wala risasi zake. Gari lisilo na buti linahitaji kisanduku kilichofungwa kwa kufuli, na droo ya dashibodi haihesabiwi. Lori halina buti. Dereva hulala mlemle. Mwaka 2010 Kanda ya Tatu iliamua kwamba msafiri aliyekosa ndege Newark na kulala hotelini na mizigo yake, bastola ikiwemo, alikuwa nje ya ulinzi huo. Basi dereva anayelala kitanda cha nyuma, hatua mbili kutoka kisandukuni, tumwambie nini?

7. Silaha zipi.

Heller inalinda silaha zinazotumika kwa kawaida. Maryland ilikataza bunduki za aina ya AR-15, bunduki ndefu zinazojipakia risasi zenyewe, mwaka 2013. Kanda ya Nne iliafiki 2024, na Juni 2025 mkakataa kuisikiliza kesi hiyo. Jaji Kavanaugh aliandika siku hiyo kwamba bunduki hiyo ni halali katika majimbo 41 kati ya 50, na kwamba mtalishughulikia suala hilo katika muhula mmoja au miwili. Tunasubiri. Kwa sasa anayehamisha nyumba kutoka West Virginia kwenda Maryland analijua jibu lake kwa kusoma kibao cha mpakani.

8. Majaji wa chini si wanahistoria.

Mwaka 2022 Jaji Carlton Reeves wa Mississippi aliwauliza waziwazi wahusika wa kesi kama ateue mwanahistoria wa kumsaidia. Lilikuwa swali la unyenyekevu na lilistahili jibu. Mmesema mahakama zitegemee rekodi inayoletwa na pande zenyewe. Maana yake kaunti yenye mwanasheria mmoja inaweza kupoteza sheria ambayo jiji kubwa lingeiokoa, kwa tofauti ya saa za utafiti wa maktaba.

Tunajua majibu yanayoweza kutolewa, na tumeyatafakari.

Litasemwa kwamba mahakama huamua kesi iliyo mbele yake tu. Lakini Heller haikuishia kwenye bastola ya mtu mmoja. Ilitaja shule, majengo ya serikali, wafungwa wa zamani na masharti ya biashara, na mahakama zote zimeitegemea orodha hiyo tangu hapo. Mwongozo mmeshawahi kuutoa.

Litasemwa hoja ziachwe ziive kwanza katika kanda. Hoja zinaiva, na wakati huo kuna watu wamo jela. Kifungo cha juu cha makatazo haya kilipandishwa kutoka miaka 10 hadi 15 mwaka 2022, mwaka uleule wa Bruen.

Litasemwa Bunge lina njia yake ya kumrudishia mtu haki. Ipo katika sheria, ni kweli. Tangu 1992 Bunge limekuwa likiinyima fedha idara iliyopaswa kuyashughulikia maombi ya watu binafsi, na ni mwaka 2025 tu Wizara ya Sheria ilipoanza kuifufua kwa kuiondoa mikononi mwa idara hiyo.

Jibu zito ni la mwisho: kwamba historia inamzuia jaji asiweke matakwa yake. Tunaliheshimu, kwa kuwa wengi wetu tumetoka kwenye nchi ambako matakwa ya jaji, au ya aliyempigia jaji simu, yaliwahi kuwa sheria. Lakini anayechagua mwaka, anayechagua majimbo ya kuyahesabu na anayechagua kanuni iwe pana au finyu, amechagua mara tatu kabla ya kufika kwenye historia yenyewe. Jaji Barrett ameuliza kuhusu upana huo. Jaji Jackson ameandika kuhusu mkanganyiko wa mahakama za chini. Rahimi ilitoka na maoni 5 ya kuafiki, kila moja na njia yake. Ikiwa ninyi mnaliona, si sisi tunaolikuza.

Kwa hiyo tunaomba, katika hukumu zenu zijazo, mseme: mwaka unaotawala ni upi, na wa pili unatumika lini, sheria ngapi za zamani, na za majimbo mangapi, zinatosha kuitwa desturi, kwamba sheria zilizotungwa kuwanyima silaha watumwa, Weusi huru na wenyeji wa asili hazihesabiwi kuwa ushahidi kwa upande wowote, kipimo kimoja cha "watu", na kama aliyehukumiwa bila kosa la ukatili anaweza kusikilizwa yeye mwenyewe, mbele ya nani, na kwa mzigo wa nani. Kwa msafiri, tunaomba mkubali kesi moja inayouliza kama haki ya Bruen inavuka mpaka wa jimbo.

Na kila mtakapotoa jibu, mseme katika hukumu hiyohiyo kama linamfikia aliyekwisha kukiri kosa na sasa anatumikia kifungo chini ya tafsiri mliyoikataa. Hao ndio wanaotupigia simu kutoka gerezani, na dakika zao zinahesabiwa.

Kwa heshima,

Wakalimani, wasaidizi wa kisheria na wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani